Arifa za tovuti hazifiki, au umefungiwa nje: dalili, chanzo na dawa yake

Wanaoendesha tovuti kwa WordPress, Joomla, Drupal au Ghost huleta malalamiko ya aina mbili: arifa za barua pepe haziwafikii, au mlango wa kuingilia umewagomea. Huyachukua kama magonjwa mawili, kumbe mara nyingi ni moja. Nenosiri likisahaulika, kiungo cha kulibadilisha huja kwa barua pepe. Ukiingia kwa kifaa kigeni, kuna mifumo inayotuma msimbo kwa barua pepe. Mtu akibadili anwani ya msimamizi, onyo huja huko huko. Barua pepe ikifa, ufunguo wa akiba umekufa nao, na hutajua mpaka siku unayouhitaji. Na mwizi akishaingia kwenye kikasha chako, tovuti nayo ni yake.

Kabla hujagusa kitu

Kama bado umo ndani ya dashibodi, usitoke. Acha kivinjari hicho wazi, majaribio yote fanya kwa kivinjari kingine au dirisha la faragha. Chukua nakala ya mafaili na hifadhidata. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo tovuti ikapona, hujui kipi kilichoiponya, na ikizidiwa hujui urudishe kipi.

Kisha fanya jaribio hili: tengeneza akaunti ya majaribio yenye barua pepe ya mtoa huduma mwingine kabisa, si ya domeni yako, halafu iombee nenosiri jipya. Barua ikifika, tovuti inajua kutuma na kasoro iko upande wa kupokea. Isipofika, anza na dalili ya kwanza.

Hakuna arifa hata moja inayofika

Folda ya taka, ndiyo, najua umeshaambiwa. Lakini usitupie jicho tu; tafuta kwa domeni yako katika barua zote. WordPress isipoelekezwa vingine hutuma kwa anwani inayoanza na `wordpress@`, na mtu anayetafuta jina la biashara yake ataipita hiyo bila kuiona.

Kinachofuata ni anwani ya mpokeaji. Kwenye WordPress, ukiandika anwani mpya ya msimamizi katika mipangilio ya jumla haibadiliki papo hapo. Mfumo hutuma kiungo cha kuthibitisha kwenye anwani hiyo mpya, na kabla hakijabonyezwa inayotumika ni ile ya zamani. Sasa kama barua hazitoki, hata kiungo hicho hakitoki, na unabaki unazunguka palepale. Kumbuka pia kwamba fomu na plagini (programu za nyongeza) za mauzo zina sehemu zake za kuandika mpokeaji. Si lazima zifuate anwani ya msimamizi.

Hayo mawili yakiwa sawa, chanzo kinachoongoza ni namna tovuti inavyotuma. Bila kupangwa, WordPress huikabidhi barua kwa kazi ya `mail()` ya PHP, ambayo huitoa kwenye seva bila kujitambulisha kwa yeyote. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zimeifunga kazi hiyo au zimeiwekea kikomo, na hata ikipita, wapokeaji huitilia shaka. Dawa ni kutuma kwa SMTP: tovuti inaingia kwenye akaunti halisi ya barua kwa jina na nenosiri, kisha inatuma kupitia hapo. Joomla ina sehemu hiyo ndani yake, pamoja na kitufe cha kutuma barua ya majaribio. WordPress na Drupal kwa kawaida huongezewa plagini au moduli. Tumia poti (namba ya mlango wa seva) 587 yenye STARTTLS, yaani mawasiliano huanza wazi kisha yakasimbwa, au 465 ambayo husimbwa tangu mwanzo. Poti 25 waachie seva zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Watoa huduma wengi wa seva za mtandaoni wameizuia isitoke, na ukiitumia utaona tovuti inasubiri mpaka muda unakwisha bila jibu lolote.

SMTP ikishapangwa na bado kimya, soma jibu la seva. Namba 535 maana yake jina au nenosiri limekataliwa. Hapa kuna kisa kinachojirudia sana: tovuti ilikuwa inatuma vizuri kwa akaunti ya Gmail, mtu wa ofisini akabadili nenosiri la Google, na kuanzia siku hiyo tovuti ikawa bubu. Google hufuta manenosiri ya programu pale nenosiri kuu linapobadilishwa. Nenosiri la programu lina herufi 16, na hulipati bila kwanza kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Nenosiri lako la kawaida halitakubaliwa hapo hata ulirudie mara ngapi. Namba 550 ni habari nyingine: umeingia, ila barua yenyewe au anwani ya mpokeaji imekataliwa, na sababu huandikwa mbele ya namba hiyo. Isome mpaka mwisho. Watu husoma namba wakaacha sentensi.

Onyo moja hapa, nalo ni zito. Plagini nyingi za SMTP huweka logi (kumbukumbu) ya kila barua iliyotoka, pamoja na maandishi yake. Ina maana kiungo cha kubadili nenosiri la msimamizi nacho kimo humo. Desemba 2020 plagini ya Easy WP SMTP ilikutwa ikiacha faili la logi mahali ambapo mtu wa nje angeweza kulifikia. Wavamizi waliomba nenosiri jipya la msimamizi, wakaenda kusoma kiungo kwenye logi, wakaingia. Post SMTP imekutwa na kosa la jamii hiyo hiyo 2024 na tena 2025. Washa logi unapotafuta tatizo, ukimaliza izime na uifute. Na plagini ya barua isikose sasisho hata moja.

Simama umwite fundi endapo kampuni inayokuhifadhi inasema akaunti yako imefungiwa kutuma kwa sababu ya barua taka. Hilo si suala la mipangilio tena. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameweka mafaili yake ndani ya tovuti yako na anatumia jina lako.

Zinafika, ila kwenye taka. Au mtoa huduma mmoja tu hazipokei

Fungua barua iliyoangukia kwenye taka ukaangalie asili yake. Gmail ina chaguo hilo kwenye menyu ya vitone vitatu. Juu kabisa utaona majibu matatu ya ukaguzi wa kama barua kweli imetoka kwako: SPF, DKIM na DMARC. Kila moja liwe limepita. Likikosa mojawapo, umepata pa kuanzia.

SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako, ndiyo inayoharibika zaidi, na kosa lake maarufu ni kuwa na rekodi mbili. Mmiliki alikuwa na ya Google, akajiunga na huduma ya majarida, akaongeza rekodi ya pili kama alivyoelekezwa. Domeni inaruhusiwa rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, mpokeaji hahesabu hata moja. Ziunganishe ziwe mstari mmoja:

`v=spf1 include:_spf.google.com include:spf.huduma-ya-pili.example ~all`

Usirundike `include` bila hesabu. Ukaguzi mzima haupaswi kuhitaji maulizo zaidi ya 10 ya DNS (daftari la rekodi za domeni), na kila `include` huja na yake ya ndani.

DKIM ni sahihi inayobandikwa kwenye barua. Huduma unayotumia kutuma ndiyo inayokupa rekodi ya kuweka kwenye DNS. Ukihamisha DNS kwenda kwa mtoa huduma mwingine, rekodi hizi ndizo husahaulika. Tovuti inafunguka vizuri, kila mtu anafurahi, barua zinaanza kupotea kimyakimya. DMARC nayo huuliza swali moja la ziada: je, domeni iliyopita SPF au DKIM ndiyo hiyo hiyo inayoonekana kwenye sehemu ya mtumaji? Unaweza kuwa na SPF iliyopita na bado DMARC ikagoma, kwa sababu iliyopita ni domeni ya kampuni ya seva, si yako.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hawana mchezo na hili. Mtumaji yeyote anatakiwa awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote mbili pamoja na DMARC. Ukianza DMARC, anza na `p=none` (barua zisizuiwe, ripoti tu zije), angalia ripoti kwa muda, ndipo ukaze. Anayeruka moja kwa moja kwenye `p=reject` (barua zikataliwe) hujizuia mwenyewe.

Kama domeni hiyo ndiyo inayobeba barua za ofisi nzima na hujawahi kuhariri DNS, hapa usijifunzie. Kosa la herufi moja kwenye rekodi za MX, zinazosema barua za domeni zipelekwe wapi, linakata barua za watu wote.

Fomu ya mawasiliano inasema “imetumwa” lakini hupati kitu

Barua nyingine zote zinafika, isipokuwa za fomu. Au za fomu hufika kwa baadhi ya wateja, wengine hapana, hadi unaanza kudhani wanakudanganya. Karibu kila mara kosa ni lile lile: fomu imepangwa itume barua kwa jina la aliyejaza. Mgeni ameandika anwani yake ya Yahoo, na seva yako inatuma barua inayodai imetoka Yahoo. Mpokeaji anauliza Yahoo: seva hii ni yenu? Jibu ni hapana, na tangu Aprili 2014 Yahoo imeagiza barua za namna hiyo zikataliwe. Aliyejaza kwa anwani ya domeni isiyo na DMARC anapita, ndiyo maana tatizo huonekana kama bahati nasibu.

Fungua mipangilio ya fomu. Sehemu ya mtumaji weka anwani ya domeni yako, mfano `fomu@domeni-yako.example`. Anwani ya mgeni ihamishie sehemu ya “jibu kwa”. Ukibonyeza kujibu itaenda kwake kama kawaida. Hakikisha pia plagini inahifadhi kila ujumbe kwenye hifadhidata, ili barua ikipotea ujumbe usipotee nayo. Neno “imetumwa” kwenye skrini maana yake tovuti imeikabidhi barua kwa seva. Yaliyotokea baada ya hapo fomu haiyajui.

Kila mtu anapata, ila anwani za domeni yetu hazipati

Hii inawachanganya hata wazoefu. Tovuti iko kwa kampuni moja, barua ziko Google Workspace au Microsoft 365. Seva ya tovuti bado inaamini kwamba barua za domeni hiyo ni zake, kwa hiyo inaziweka kwenye kikasha cha ndani ambacho hakuna anayekifungua. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia seva, nenda Email Routing, chagua kwamba barua hupokelewa mbali, si hapo. Kisha kapekue kikasha cha ndani. Huenda ukakuta arifa za mwaka mzima.

Arifa zinachelewa, au zinakuja mara mbili

Kuchelewa: kazi za ratiba za WordPress huamshwa na mgeni anayefungua ukurasa. Tovuti isiyo na wageni usiku haifanyi kazi zake usiku, na barua zilizopangwa foleni husubiri. Zima mfumo huo kwa `DISABLE_WP_CRON` kwenye `wp-config.php` (faili la mipangilio ya WordPress), na uiagize seva iite `wp-cron.php` kila baada ya dakika chache. Kama logi inaonyesha 421 au 451, mpokeaji ameomba ujaribu tena baadaye. Seva nzuri hujaribu yenyewe.

Mara mbili: tafuta plagini mbili zenye kazi moja, au nakala ya majaribio ya tovuti inayoendelea kutuma barua kwa wateja halisi. Hiyo ya pili izime leo.

Kiungo cha kubadili nenosiri kinasema si sahihi

Kwanza hakikisha umebonyeza cha mwisho. Kwenye WordPress, ukiomba mara tatu kwa papara, viungo viwili vya mwanzo vimekufa. Kwenye WordPress na Drupal kiungo huishi saa 24. Kama ni kipya na bado kinakataa, shuku kache (nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka): WordPress hutumia kidakuzi (cookie) kwenye hatua hii, na ukurasa wa `wp-login.php` ukihifadhiwa na kache au kidakuzi kikichujwa njiani, ufunguo unaonekana batili. Ondoa ukurasa huo kwenye kache kabisa. Kwa mifumo yenye kiungo cha kuingia mara moja bila nenosiri, kichujio cha usalama cha ofisi kinaweza kuwa kimekifungua kabla yako ili kukikagua. Jaribu anwani ya nje ya ofisi.

Umefungiwa nje

Hitilafu za kawaida kwanza. Umejaribu mara nyingi na ulinzi umekufungia: Drupal humfungia mtumiaji aliyekosea mara 5 ndani ya saa 6, na anwani ya IP iliyokosea mara 50 ndani ya saa moja. Subiri, au jaribu kwa mtandao mwingine. Usiendelee kubahatisha, kila jaribio linaweza kuongeza muda.

Misimbo ya hatua mbili inakataliwa: misimbo hiyo hutokana na saa, na hubadilika kila sekunde 30. Simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika chache, haitalingana. Weka saa ya simu ijipange yenyewe. Kama watumiaji wote wanakataliwa siku moja, saa mbovu ni ya seva. Na misimbo ya dharura uliyopewa siku ya kwanza haipaswi kuwa ndani ya simu hiyo hiyo.

Unaingiza kila kitu sawa, ukurasa unarudi palepale bila kosa: futa vidakuzi vya tovuti hiyo, kisha linganisha anwani mbili za tovuti kwenye mipangilio. Moja ikiwa na `https` na nyingine `http`, au moja na `www` na nyingine bila, vidakuzi havishiki. Unaweza kuzilazimisha kwa `WP_HOME` na `WP_SITEURL` kwenye `wp-config.php`.

Plagini ya ulinzi imegoma: ingia kwa SFTP (njia ya kufikia mafaili ya seva), badilisha jina la folda yake ndani ya `wp-content/plugins`. WordPress itaizima. Ukishaingia, rudisha.

Barua nayo imekufa: hapa ndipo mstari wa amri unapookoa. Kwa WordPress, kwa zana ya WP-CLI:

`wp user update 1 --prompt=user_pass`

Badala ya 1 weka namba au jina la akaunti yako. Kwa kutumia `--prompt`, nenosiri halibaki kwenye historia ya amri. Kwa Drupal ni `drush uli`, inayokupa kiungo cha kuingia mara moja. Joomla 4 na kuendelea ina `php cli/joomla.php user:reset-password`. Ghost inayodai msimbo wa kifaa kipya wakati haina barua: tengeneza barua kwanza, kuzima ukaguzi huo kwenye mipangilio iwe njia ya dakika chache tu.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Tangu toleo la 5.2 la 2019, plagini ikiiangusha WordPress, mfumo humtumia msimamizi kiungo cha kuingia katika hali ya uokozi. Ukiandika `RECOVERY_MODE_EMAIL` kwenye `wp-config.php`, kiungo hicho kitakwenda kwenye anwani unayoitaka wewe, ikiwemo ya nje ya domeni.

Kama njia iliyobaki ni kuhariri hifadhidata kwa mkono na huna nakala yake, acha. Mpigie anayekuhifadhi tovuti.

Unapata arifa ambazo hukuziomba

Barua moja ya kubadili nenosiri ambayo hukuiomba: mtu ameandika jina lako kwenye fomu. Usibonyeze, hajaingia. Zikiwa nyingi, badilisha jina la mtumiaji linaloonekana hadharani, washa hatua mbili, na kama huitumii zuia `xmlrpc.php`, ambayo wavamizi huitumia kujaribu manenosiri mengi.

Barua inayokuamuru usakinishe kitu: Desemba 2023 wasimamizi wa tovuti walipokea ujumbe uliojifanya umetoka WordPress, ukitaja udhaifu CVE-2023-45124 na kuwapa plagini ya kuuziba. Udhaifu huo haukuwapo. Plagini yenyewe ndiyo iliyomwingiza mvamizi na kumficha kama msimamizi. Sasisho halali utaliona ndani ya dashibodi. Fungua dashibodi kwa mkono wako, si kwa kiungo cha barua.

Barua ya kwamba msimamizi mpya amesajiliwa, au anwani ya msimamizi imebadilishwa, na si ninyi: hii ni dharura, na mpangilio wa hatua ni muhimu. Anza na kikasha cha barua pepe, nenosiri jipya na hatua mbili, kwa sababu ukianza na tovuti mwizi ataomba nenosiri jipya na kulisoma huko huko. Kisha akaunti ya domeni na ya kuhifadhi tovuti. Ndipo tovuti: orodhesha wasimamizi kwa `wp user list --role=administrator`, badilisha funguo za siri kwenye `wp-config.php` ili kila aliyeingia atupwe nje, kisha endesha `wp core verify-checksums` na `wp plugin verify-checksums --all`. Amri hizo, zinazolinganisha mafaili yako na ya asili, zikionyesha yaliyobadilishwa, usifute. Zima tovuti kwa muda, hifadhi nakala kama ilivyo pamoja na logi za seva, muite mtaalamu. Kumfuta msimamizi wa uongo hakuondoi mlango wa nyuma aliouacha. Kama tovuti ina taarifa za wateja, huenda sheria inakudai utoe taarifa, na hilo fundi peke yake halimalizi.

Aliyeondoka bado anapata arifa

Umebadili nenosiri la mfanyakazi aliyeondoka na bado kuna machapisho yanayoingia kwa jina lake. WordPress, tangu toleo la 5.6 la 2020, ina manenosiri ya programu yanayojitegemea. Kubadili nenosiri kuu hakuyafuti. Yako chini kabisa ya ukurasa wa wasifu wa mtumiaji, yabatilishe yote. Angalia wapokeaji ndani ya kila fomu, kisha kanuni za kusambaza barua ndani ya kikasha cha pamoja, mahali ambapo mtu huweka nakala iende kwake akasahau, au asisahau. Funguo za SFTP na akaunti ya kuhifadhi tovuti zifuate. Na kama domeni yenyewe imesajiliwa kwa jina lake, anza na hiyo, mkiwa bado mnasalimiana.